Bolti Ikikataa Kuingia

Mazungumzo na mafundi vijana wa pikipiki, nyuma ya gereji moja Chake Chake, Pemba. Yameandikwa kama yalivyosemwa, isipokuwa pale kuku wa jirani walipotukatiza.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwenyeji wetu kaniletea kiti cha plastiki nikae kama mgeni rasmi. Namshukuru, lakini nitasimama, na nyinyi mlioko nyuma njooni mbele, msione haya. Nilichokuja kukuonyesheni kiko usawa wa goti, ukikaa mbali utaona mgongo wangu tu.

Hii hapa ni Honda CG 125. Mwenyewe yuko pale kwenye kivuli, anasema ameirithi kwa ami yake. Aina hii Honda waliitoa mwaka 1976, na waliitengeneza makusudi kwa nchi za joto na vumbi, na kwa mtu anayebadilisha oili siku anayokumbuka. Injini yake mnaijua, haina neno. Ndiyo maana watu wakashughulika na injini peke yake, na hizi shokapu mbili za nyuma hakuna anayezitazama mpaka abiria ashuke ameshika kiuno.

Jambo langu leo ni moja. Nalisema mwanzo kabisa ili atakayeitwa na mteja aondoke nalo. Shokapu ikikaa upande, aghlabu kosa si lake. Shokapu ni shahidi. Pale bolti inapokataa kuingia, kuna kitu kingine kimepinda, kimelika au kimefungwa vibaya, na shokapu ndiyo inakuambia. Ukiilazimisha, umemziba shahidi mdomo, na kilichopinda kimebaki pale pale.

Nimejua hili kwa kumharibia mtu. Nilikuwa kijana, nina gereji yangu chini ya mwembe njia ya Wawi, spana zangu zote zinaingia kwenye kopo moja la maziwa. Akanijia mteja mchukuzi wa karafuu na shokapu mpya mbili mkononi. Ya kulia ikaingia bila maneno. Ya kushoto, juu imekaa vizuri, chini jicho lake halionani na tundu la uma, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, limepishana kama unene wa kidole. Mie nikachukua mtaimbo, nikauchomeka, nikavuta, mwenzangu akapiga bolti kwa nyundo. Ikaingia. Tukacheka, tukapokea pesa.

Haikufika miezi miwili akarudi. Ile ya kushoto inamwaga oili, na rodi yake, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, imekwaruzika upande mmoja, ukipitisha ukucha unahisi. Nikamwambia hiyo ni shokapu feki. Nikamuuzia nyingine, tena kwa sura ya mtu anayemhurumia mwenzake. Nayo ikafa, upande ule ule.

Siku aliyokuja mara ya tatu alikuwepo mzee mmoja fundi wa vyombo, mtengenezaji wa ngalawa na mashua, amekaa akinywa kahawa anamsubiri mjukuu wake. Pikipiki hajui hata kuiwasha. Akaitazama kwa nyuma, akafumba jicho moja kama wanavyofanya, akasema, "Mwanangu, huo mkono mmoja umepotoka. Wewe unabadilisha kamba na mrengu ndio mbovu." Mrengu ni ule mkono wa ubavuni wa ngalawa unaoizuia isipinduke. Kwa kweli nilikasirika. Mtu wa misumari na pamba anifundishe pikipiki! Lakini alipoondoka nikapima. Uma umepinda kweli. Nikamuuliza mteja, akakumbuka kuwa mwaka ule wa kwanza alitumbukia mtaroni na gunia nyuma. Shokapu mbili nilimrejeshea pesa zake, na nisiwadanganye, si kwa moyo mweupe. Mke wangu ndiye aliyenisukuma.

Sasa tuingie kazini.

Tazameni huu uma wa nyuma, mkono wenye miguu miwili unaoshika gurudumu. Mbele umepita bolti moja ndefu, na kwa bolti hiyo unapanda na kushuka kama mlango kwenye bawaba zake, ila mlango huu umelala. Shokapu mbili ndizo zinazoubeba. Na ndani ya kila shokapu mna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Springi inabeba uzito. Oili iliyo ndani ya silinda inaituliza springi. Pistoni inapokwenda, oili inalazimika kupenya kwenye vitundu vidogo, na ile taabu ya kupenya ndiyo inayoizuia pikipiki kurukaruka. Ndiyo maana shokapu iliyokwisha oili bado inabeba. Mwenyewe anaona pikipiki imesimama juu, anadhani nzima, kumbe amepanda kitanda cha springi.

Rodi kazi yake ni juu na chini tu. Nguvu ya ubavuni hakuna aliyeiandalia. Kwa sababu uma haupandi moja kwa moja, unazunguka sehemu ya duara, ndipo wakaweka jicho juu na jicho chini, na ndani ya jicho bushi ya mpira. Mpira unameza ule mgeuko mdogo. Unameza kidogo, haumezi unene wa kidole. Ukivuta kwa mtaimbo, ule unene unauhamishia kwenye rodi, rodi inaegemea sili, ule mpira unaozuia oili, sili inalika upande mmoja, oili inatoka.

Na lile la mrengu, sisi watu wa pwani hatuhitaji mfano mwingine. Ngalawa ina mirengu miwili. Mmoja ukifungwa juu kuliko mwenzake, chombo hakizami, kinakwenda, lakini nahodha kutwa nzima anapigana na usukani. Pikipiki yenye shokapu ngumu kulia na legevu kushoto ni hivyo hivyo. Uma unapindwa kidogo kidogo, gurudumu linalala upande, na ukiingia kona unahisi nyuma inataka kwenda kwake. Wanaokwenda Wete kila siku wananielewa. Kisiwa chetu ni vilima na mabonde, kona juu ya kona. Ugonjwa ambao Unguja mjini mtu angekaa nao miaka, hapa unaonekana kwa wiki.

Mpango wenyewe wa uma na shokapu mbili si wa jana. Royal Enfield Bullet ilikuwa nao tangu 1949, Norton wakashindana nao 1950 kwa ile fremu yao ya Featherbed, na Honda Super Cub ya 1958 ikausambaza dunia nzima. Kwa hivyo pikipiki ya zamani haina siri. Chochote nitakachofanya leo kilishafanywa na fundi fulani kabla baba zenu hawajazaliwa.

Kabla ya spana, macho. Pikipiki isimame kwa stendi ya kati, juu ya sakafu, si juu ya mchanga. Hapa uwanja umeinama, nimeweka kibao chini ya mguu mmoja wa stendi, na pimamaji iko juu ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Ukiruka hatua hii, kila kipimo kinachofuata ni cha uongo.

Halafu timazi. Ndiyo, ile ya waashi. Kama huna, funga nati nzito kwenye uzi. Naning'iniza uzi kwenye bolti ya juu ya kushoto, pale jicho linapokaa, nasubiri utulie, kisha napima kwenda ubavuni mpaka uso wa uma pale bolti ya chini inapoingia. Tuseme nimepata mm 12. Nakwenda kulia, nafanya vile vile. Nikipata 12 au 13, basi. Nikipata 5, nina habari. Angalieni sana hapa, maana kuna kijana aliwahi kunyoosha fremu nzima kwa kutoelewa. Si lazima uzi uguse uma. Pikipiki nyingi chini ni pana kuliko juu, au kinyume chake, ndivyo zilivyotoka kiwandani. Tunachotafuta ni pande mbili kufanana.

Kisha shika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, lisukume kulia na kushoto. Ukisikia tok, tok, bushi za uma zimekwisha. Hapo weka shokapu chini, usizifunge. Uma unaocheza kwenye shina hauwezi kupangwa, leo utakaa hivi na kesho vile. Toa ile bolti ndefu, utakuta imeshikana na kutu na hakuna dalili ya grisi tangu ilipotoka Japani. Badilisha bushi, tia grisi, ndiyo urudi.

Kama vipimo vya timazi vimepishana na bushi ni nzima, toa gurudumu, rudisha ekseli peke yake kwenye uma, weka pimamaji juu ya ekseli, kisha iweke kwenye ile bolti ndefu ya mbele. Povu likikaa tofauti, uma umejipinda. Sitasema hauwezi kunyooshwa, umenyooshwa mwingi. Nasema tu kuwa uma uliopashwa moto mwekundu ukapigwa nyundo haurudi kuwa na nguvu zake, na mimi siku hizi natafuta uma mwingine wa kuukuu ulio mzima.

Kuzitoa. Toeni moja moja. Mtu anafungua zote mbili, uma unaanguka, gurudumu linashuka, breki inavutika, halafu anahangaika kuinua kwa goti. Fungua ya kushoto, ifunge mpya bila kukaza, ndipo uende kulia. Ile iliyobaki inakushikia kazi. Isipokuwa kama umeshagundua uma una matatizo, hapo weka kreti ya soda chini ya gurudumu na utoe zote.

Na kutu jamani. Sisi tumezungukwa na chumvi. Nawataja hasa wachuuzi wa samaki, na nawapenda, bila wao hatuli. Tenga linakaa nyuma, maji ya samaki na barafu yanatiririka yanaangukia shokapu, jioni mtu anaegesha pikipiki, asubuhi anarudi pwani. Rodi inaanza kupata vidoti vidogo vya kutu kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Kila kidoti ni tupa ndogo inayokwangua sili. Maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kila jioni, kikombe kimoja tu pale kwenye rodi, yanaongeza maisha ya shokapu kuliko dawa yoyote ninayoijua. Nati za juu zikikataa, mwagia mafuta mepesi usiku, ukalale. Bolti ya juu kwenye fremu imechomelewa, ukiivunja kwa papara umejitafutia kazi ya siku mbili.

Kununua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa zinapopotea. Shokapu dukani inauzwa kwa jina la pikipiki. Nyinyi nunueni kwa tepu. Spea zetu nyingi tunaagiza Unguja, zinakuja na boti, na ikija siyo, kuirudisha ni nauli nyingine na maneno mengine. Kwa hivyo kabla hujapiga simu, pima. Urefu kutoka katikati ya jicho la juu hadi katikati ya jicho la chini, pikipiki ikiwa imenyanyuliwa na shokapu imenyooka. Upana wa tundu la juu. Upana wa tundu la chini, maana havilingani kila mara. Unene wa jicho lenyewe, na kama chini ni jicho au ni panda, yaani midomo miwili inayoumeza uma. Halafu unene wa springi, kwa sababu upande wa kushoto kuna kava ya cheni, na nimeona springi nene inakwaruza kava kutoka Chake mpaka Mkoani, mwenyewe anadhani ni cheni.

Urefu ndio mkubwa wao. Zako zilikuwa mm 320, wamekuletea za 340, fundi anasema zinaingia, chukua. Kuingia zinaingia. Lakini mm 20 hizo kwenye gurudumu zinazidi 20, kwa sababu shokapu imefungwa mbele ya ekseli. Nyuma imepanda, pua imeshuka, usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi, stendi ya pembeni imekuwa fupi na pikipiki inalala, na kwa stendi ya kati gurudumu la nyuma linagusa chini. Cheni nayo imebadilika mkazo. Yule aliyekwambia zinaingia hayupo tena.

Wanunuzi wa moja moja nao nimewaona. "Ami, hii moja tu imevuja, nitilie moja." Mpya kulia, kuukuu kushoto. Turudi kwenye ngalawa. Kama hana pesa za mbili, na mara nyingi hana, mimi humwambia angoje msimu wa karafuu, aende polepole, asipakie. Simfungii moja. Wengine mtanilaumu kwa kufukuza mteja, sawa.

Zikifika, usizifunge zikitoka kwenye boksi. Shokapu nyingi za kawaida za oili zimelala dukani miezi, na hewa imeingia mahali pa oili. Isimamishe wima, silinda chini na rodi juu, ikandamize chini ya uzito wako, iachie, mara nane mara kumi. Mwanzo utahisi pana utupu, inaanguka kisha inashika. Utupu ukiondoka, iko tayari. Usipoondoka, irudishe dukani hapo hapo. Zile zenye gesi na kikopo pembeni ni habari nyingine, hizo ndani yake mna presha. Msizitoboe, msizichomelee, msizitie motoni kutafuta chuma chakavu. Na springi usiifungue kwa bisibisi na mguu, inaweza kukutoa jicho.

Tufunge sasa. Wewe kijana wa fulana nyekundu, njoo, shika.

Kwanza juu. Ndani ya bushi ya mpira mna kijibomba cha chuma. Kitazame. Kimetokeza kidogo kuliko jicho, pande zote mbili. Nati inatakiwa ikibane kile kijibomba, si mpira. Kikiwa kifupi, au kikikosekana, nati inauponda mpira, jicho linakuwa kama limechomelewa, halijigeuzi tena, na tumerudi kwenye nguvu ya ubavuni. Washa ya ndani, yaani ile pete bapa ya chuma, kisha jicho, washa ya nje, nati. Washa za pande mbili za pikipiki ziwe za unene mmoja. Msicheke, nimekuta pikipiki ina washa tatu kulia na sifuri kushoto, mtu alikuwa anatafuta usawa kwa washa badala ya kutafuta kilichopinda.

Hizi nati za kofia zina hila yake. Ukiacha washa, bolti inagonga ndani ya kofia kabla nati haijafika kwenye jicho. Spana inakwambia imekaza, na kweli imekaza, lakini jicho liko huru linacheza. Ukishakaza, shika shokapu kwa mkono uitikise. Hapo ndipo utajua.

Sasa juu imeshikwa na nati iliyozungushwa mara mbili tatu tu. Iachie shokapu ining'inie yenyewe. Usiiguse. Tazama jicho la chini limekwenda wapi. Hii hapa, mnaiona, imekuja yenyewe mbele ya tundu lake. Mwinuo ukikosa kidogo, nyanyua au shusha gurudumu, hilo ni halali, ni njia yake ya kawaida. Lakini ndani na nje, hapana. Tia bolti kwa vidole. Kwa vidole, kijana, weka spana chini. Haya, imepita. Ingekataa, tungesimama tukaulize: washa? Bushi? Bolti ya juu imepinda kwa kuanguka? Uma? Kwa utaratibu huo, kutoka rahisi kwenda ghali.

Upande wa pili vile vile. Bado hatujakaza chochote. Tunaishusha kutoka kwenye stendi, mwenye pikipiki anakaa, anaisukumasukuma mara tatu nne, na tunakaza akiwa juu yake. Sababu ni ile bushi. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira umeshikwa katika hali hiyo, na akikaa tu unasokoteka, unaishi umesokoteka maisha yake yote. Ukikaza yeye akiwa amekaa, mpira unapumzika katika hali anayoitumia.

Kilichobaki ni gurudumu. Shokapu zikikaa sawa na gurudumu likiwa upande, hujafanya kitu. Alama zile za kwenye uma karibu na ekseli msiziamini moja kwa moja, za pikipiki kuukuu huwa zinapishana. Pima kutoka katikati ya bolti ndefu ya uma mpaka katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Kisha chukua mshipi, huu huu wa kuvulia, haukatiki upesi kama uzi wa cherehani. Funga nyuma ya tairi la nyuma, leta ncha mbili mbele kila upande, zipite juu kadiri utakavyoweza bila kugusa stendi na ekzosi. Uvute mpaka uguse tairi la nyuma mahali pawili, nyuma na mbele yake. Tairi la mbele ni jembamba, litabaki katikati halijaguswa. Nyuma ikiwa ya inchi 3.00 na mbele 2.75, tofauti yake ni kama mm 6, basi kila upande mwanya uwe kama mm 3. Ukipata 6 kushoto na sifuri kulia, rekebisha kwa nati za cheni mpaka mianya ilingane. Ikiwa huwezi kuilinganisha bila cheni kwenda upande, fremu au uma una neno. Mkazo wa cheni pimeni mtu akiwa amekaa pia, kwa sababu uma ukipanda cheni inabadilika, na iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu inaweza kukatika ikibeba gunia.

Mzee mmoja hapa aliniuliza kuhusu ile pete yenye ngazi chini ya springi. Hiyo inaikandamiza springi kidogo zaidi au kidogo chini, kwa ajili ya mzigo. Ngazi ya kushoto na ya kulia ziwe moja, hakuna mjadala. Kuna mtu anapandisha upande mmoja kwa sababu mkewe anakaa ubavu. Bibi akikaa ubavu au akikaa kiume, uzito wake unashuka kwenye uma ule ule mmoja. Kupata ngazi yako, pima kutoka ekseli mpaka alama juu ya fremu gurudumu likining'inia, kisha mwenyewe akae, upime tena. Ikizama kama theluthi ya safari yote ya gurudumu, umepata. Kwa pikipiki hizi za zamani ni kama sm 3 hivi. Msimu wa karafuu, pishi zikianza kujaa magunia, pandisha ngazi. Zikiisha, shusha. Wengi wanapandisha Julai na wanasahau mpaka Julai nyingine, ndiyo maana mwezi wa pili mgongo unawauma.

Nimeulizwa maswali matatu zaidi na wakati unakwenda. La kukata springi ili pikipiki ishuke, jibu ni hapana. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi na fupi, haikai vizuri kwenye kikombe chake, na rodi inagonga mwisho. La kuchomelea kipande ili shokapu irefuke, hapana mara mbili.

La tatu, kufungua shokapu na kutia oili upya. Zile za zamani zinazofunguka, inawezekana, nimefanya sana. Sili mpya, rodi iwe nyoofu bila vidoti, kiasi kile kile cha oili pande zote mbili, kwa sindano ya hospitali, si kwa jicho. Na oili iwe nyepesi, ya namba 10, ile ya shokapu za mbele. Ukitia oili ya injini namba 40 unapata shokapu ngumu kama mti wa mkarafuu. Hizi mpya za bei rahisi zimefungwa kiwandani kwa kukunjwa, hazifunguki, msipoteze wakati.

Na Vespa? Nilijua mtauliza, Zanzibar hapakosi mtu wa Vespa. Ile injini yenyewe ndiyo mkono, na nyuma ina shokapu moja tu ubavuni, kwa hivyo hakuna ya kulinganisha nayo. Lakini bushi na vidole ni vile vile. Njooni nayo Jumamosi, leo nimekuja na CG.

Basi. Wewe wa fulana nyekundu, upande wa kulia bado hujakaza, nakuona. Mwenyewe akae juu, wawili washike usukani, na ukazie chini kwanza. Kisha mtu aiendeshe mpaka pale njiapanda na arudi, mimi nitasimama hapa nyuma nimtazame gurudumu.